Kopo la Dawa Kwenye Rafu ya Skurubu

Mgeni rasmi, Daktari wa zahanati ya mtaa wetu, Bosi wetu, majirani mliovumilia kelele za misumeno yetu: sisi mafundi wa karakana ya viti na vitanda tunawasalimu kwa heshima.

KARIBU
Tunashukuru umekubali kutuzindulia mashine ya kunyonya vumbi. Tumefagia tangu jana, kwa hiyo vumbi utakaloliona ni la leo asubuhi. Kiti ulichokalia tumekitengeneza wenyewe. Kikilia, tafadhali jifanye hujasikia.

TULIKOTOKA
Tulianza na randa moja na misumeno ya kuazima, ndiyo maana kwetu hakitupwi kitu. Skurubu ikibaki, inaingia koponi. Vumbi la mbao nalo lilituziba pua, mpaka mtu akiinama kupiga msasa anasikia mashavu na paji la uso vinagonga. Walioandikiwa antibaiotiki kwa ajili ya sainasi waliacha kumeza mara tu walipopata nafuu. Vidonge vilivyobaki vikawekewa kopo lake, pale pale kwenye rafu ya skurubu, na aliyeumwa baadaye akajichukulia. Tulivichagua kwa rangi na saizi, kama tunavyochagua skurubu. Tuliona huo ndio upendo.

MAFANIKIO
Sasa tunavaa barakoa, na muuguzi wako amekuja kutufundisha. Alisema sainasi nyingi huletwa na virusi, na antibaiotiki haiui virusi. Anayepaswa kuamua nani anaihitaji ni mtaalamu aliyempima, na ya mtu mmoja haigawanwi. Fundi wa misumeno akamkatiza: "Sasa Sista, kidonge kinashukia tumboni. Kinajuaje njia ya kwenda shavuni?"

Tulicheka. Sista akasema hakijui njia. Damu ndiyo inayokisambaza mwili mzima, na ndiyo maana kinaweza kukudhuru hata mahali pasipouma. Tangu siku hiyo chai yetu hainyweki bila maswali.

CHANGAMOTO
Daktari, jibu hilo la Sista lilimgusa Shangazi Vanishi, huyu fundi wetu wa kupaka vanishi aliyekaa mstari wa mbele. Miezi michache nyuma alimeza kidonge cha kopo, midomo ikavimba na mwili ukatoka vipele. Vilipokwisha tukamshukuru Mungu, tukanyamaza.

Wiki iliyopita sainasi ilimrudia. Ilianza kupoa, kisha ikamgeukia kwa homa na maumivu makali. Akaja kwako, ukampima, ukamwandikia antibaiotiki. Ulimuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, naye akajibu hakuna. Tulipomuuliza kwa nini, alitujibu hivi:

"Ningesema nini, jamani? Kwamba mnanilisha kopo? Na nyie ndio mmemwalika Daktari!"

Dawa uliyomwandikia iko kwenye mfuko wa aproni yake, hajameza hata kidonge kimoja. Anasema asipomeza kichwa kinapasuka, na akimeza anaogopa. Sisi tumeizunguka pakiti hiyo tangu jana, mmoja anasema rangi ni ileile, mwingine anasema siyo. Tumeshindwa, na tunaona haya kwamba bado tunakisia kwa rangi.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandaa maombi ya feni na taa. Tumeyaacha. Tunaomba majibu. Mtu akipata nafuu kabla dawa haijaisha, amalize au arudi kwako kwanza? Akianza kuvimba au kupumua kwa shida, akimbilie wapi? Na vidonge vya zamani vinapelekwa wapi, maana sisi kutupa hatujui?

Zawadi yetu kwako ni kopo lenyewe. Ndani yake bado kimo kidonge cha aina iliyomvimbisha Shangazi, anakikumbuka vizuri. Ukilinganisha na dawa yake mpya, utajua kama ni ileile.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, utepe usubiri kidogo. Shangazi, umetusitiri vya kutosha. Simama, mpelekee Daktari pakiti yako, na umwambie yote.

Mungu ailinde mikono yako, Daktari, na akurudishe nyumbani salama.

Ni sisi,
Mafundi wa karakana ya viti na vitanda.
Imesomwa na fundi wa msasa, aliyeliweka kopo hilo rafuni.