Jina Kamili la Spoki

Pale Hale, njia ya kwenda kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme inapoachana na barabara kubwa, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahamie Handeni. Hapo hukaa wanaume watatu ambao ukiwasikiliza utajiuliza nchi inaendeshwaje bila wao. Kuna Mtambo, mlinzi mstaafu wa kule kwenye umeme, ambaye kila jambo la dunia hulieleza kwa nyaya. Kuna Nusu, aliyeacha madrasa nusu na cherehani nusu. Kuna Bungeni, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata ujumbe wa mtaa, lakini hafungui kinywa kabla ya kusimama. Kahawa yao hutoka kwa Bi Kashata, mama mwenye birika moja na subira nyingi. Na hatua kumi kutoka benchini, chini ya mabati manne, yupo fundi baiskeli aitwaye Muhsin. Jina hilo, hata hivyo, halitumiki pale. Kijiwe kilimbatiza Spoki, na bango la kibanda chake linasema hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo Muhsin alikuwa ananyoosha rimu iliyokuwa imenyooka tangu jana. Mikono ilitaka kazi. Baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, yeye na mkewe Shamsia waliomba kuasili mtoto, na mtoto alikuwepo: binti wa wiki tano, kwenye kituo cha watoto kule Korogwe. Shamsia alikwisha kumpakata mara tatu. Nyumbani alikuwa amefua nepi za kitambaa mara tatu pia, ingawa hakuna aliyezichafua, na jana Muhsin alimkuta amebeba mfuko wa sembe kwa mbeleko, anaupigapiga mgongoni ili mkono uzoee. Nyumba ilikwisha kukaguliwa. Kilibaki kitu kimoja tu: afisa wa ustawi wa jamii azungumze na majirani wa kazini. Wakisema vizuri, mtoto anakuja. Wakivuruga, faili linarudi kabatini.

Majirani wenyewe ndio hao watatu. Muhsin aliwaomba waseme wanachokijua tu, basi. Wao wakaona hilo ni wazo la mtu asiyejua serikali.

— Tuanze na neno lenyewe, alisema Bungeni, akasimama. Kuasili. Neno hili linatokana na kuasi. Spoki ameasi utaratibu wa kawaida wa kupata mtoto.

— Wee, usije ukamwambia hivyo huyo mtu wa ustawi! Nusu alidakia. Kuasili ni asili. Mtoto anakuja hana asili, anapewa. Wanamchoma sindano pale wilayani. Wanauliza, baba Mzigua au Msambaa? Mzigua. Basi wanachoma ya Kizigua.

— Inauma?

— Ya Kizigua haiumi. Inayouma ni ya Kisambaa, kwa sababu ya baridi ya milimani.

Mtambo, Msambaa mzaliwa wa Kwashemshi, akaweka kikombe chini.

— Mgosi, nakuvumilia kwa sababu kahawa bado ya moto.

— Nimetaja baridi tu, mzee wangu, sijataja mtu.

— Haya, mimi nawaambia jambo la maana, Mtambo akaendelea. Mtoto mchanga ni mashine. Akilia, umeme umemzidi. Mama aliyemzaa ana waya wa kuushusha ardhini. Shemeji hana huo waya. Kwa hiyo Spoki achimbie chuma nje ya dirisha, avute waya mpaka ndani.

— Umfunge mtoto waya, wewe Mtambo? aliuliza Bi Kashata.

— Nafunga kitanda, si mtoto! Mimi si mjinga.

— Mnasahau kubwa, alisema Nusu, akipandisha kofia. Mtoto akinyonya kwa mama, watoto wa yule mama wanakuwa ndugu zake. Hilo nimelisoma. Sasa huyu atakunywa maziwa ya kopo. Ya kopo ni ya ng'ombe. Na ng'ombe ana ndama.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo ndama ni kaka yake. Idi ikifika, Spoki hagusi nyama mpaka aulize imetoka kwa ng'ombe gani.

— Lakini kopo linatoka nje ya nchi, alisema Bungeni.

— Basi ana ndugu ughaibuni. Watamtumia viza.

— Na hayo nayo umeyasoma?

— Hapana. Hayo yalikuwa kwenye ile nusu nyingine.

Bi Kashata alikuwa anawamiminia kahawa. Akauliza, bila kuinua macho:

— Ninyi watatu mna watoto kumi na saba. Nani kati yenu amewahi kumwogesha hata mmoja?

— Mimi niliwahi kuleta ndoo, alisema Mtambo.

— Ikiwa na maji?

— Maji yalikuwa njiani.

Bungeni akagonga kikombe kwenye ubao, kuomba utulivu.

— Tusitoke nje ya hoja. Twende kwenye mazoezi. Mimi ndiye ustawi. Swali la kwanza: mwombaji anakunywa pombe?

— Pombe? Mtambo alishangaa kwa sauti kubwa. Hata soda anakunywa kwa mrija, tena amefumba macho!

— Ana hasira?

— Spoki? alisema Nusu. Nyundo ikimpiga kidole, anaiomba nyundo radhi.

— Anamheshimu mkewe?

— Nyumbani kwake anabisha hodi mara saba. Asipoitikiwa, analala nje.

— Vizuri sana. Mwisho kabisa, ninyi mnamfahamuje?

— Nje ndani! wakajibu wote wawili.

Kule kibandani Muhsin alikuwa ameacha rimu. Aliwasikia wanavyomjenga mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hata yeye asingempa mtoto amlee. Alitaka kwenda kuwaambia waache, lakini bodaboda ilikuwa imeshasimama.

Benchi lilikuwa linangoja gari la serikali lenye bendera, ikiwezekana. Aliyeteremka ni dada mmoja mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, faili limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akawasalimu wazee shikamooni, wakaitikia marahaba. Akajitambulisha: Elina, kutoka ustawi wa jamii. Kisha akamgeukia Muhsin.

— Kaka, endelea na kazi yako. Nikiwa naongea na hawa naomba usiseme neno, hata ukisikia wanakosea. Nikimaliza nitakuja kwako.

— Sawa, dada.

Bi Kashata akampa kigoda chake, yeye akachutama kando ya jiko. Bungeni akasimama.

— Mheshimiwa afisa, kwanza kabisa...

— Kaa tu, baba. Ni maswali madogo. Dada akafungua faili. Namba moja. Jina kamili la mwombaji. Lake, la baba yake na la babu.

Mtambo akachungulia bango la kibanda.

— Spoki, alisema Mtambo.

— Hilo nimelisoma kwenye bango. Jina lake.

— Spoki wa baiskeli.

— Jina alilopewa na wazazi wake, mzee.

Bungeni alikohoa.

— Kwa mujibu wa taratibu, mheshimiwa, jina hilo tunalo. Ila leo hatukuja nalo.

— Saidi! alisema Nusu ghafla.

— Si Saidi.

— Basi Rajabu. Ana uso wa Rajabu.

Muhsin alikuwa ameshika kifungulio cha spoki kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi. Jina lilikuwa limemjaa mdomoni, na alikuwa amekatazwa kulisema. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona ubaya wowote katika kuitwa Spoki. Leo ndipo alipouona.

— Mke wake anaitwa nani? dada aliuliza.

— Shemeji, walisema watatu.

— Shemeji nani?

— Mke wa Spoki, alifafanua Mtambo.

Dada Elina akaweka kalamu juu ya karatasi.

— Mmekaa naye hapa miaka mingapi?

— Kumi na mitano, alisema Bungeni, lakini safari hii hakusimama.

— Kumi na mitano, na hamjui anaitwa nani.

— Lakini nje ndani tunamjua, dada! Nusu akalalamika. Hata soda anakunywa kwa mrija...

— Amefumba macho, alimalizia Mtambo kwa sauti ndogo.

Dada aliwatazama mmoja mmoja. Akafunga faili. Kibandani, Muhsin akaona akilini mfuko wa sembe umetua kwenye kona ya jikoni, na Shamsia anaikunja ile mbeleko.

— Sifa ziacheni, alisema dada. Niambieni ubaya wake. Hakuna asiye na ubaya.

Wakaangaliana. Ubaya hawakuufanyia mazoezi.

— Ipo tabia moja, Mtambo alianza polepole. Bungeni akamkanyaga mguu. Usinikanyage, mgosi, imeuliza serikali! Ipo tabia moja mbaya. Asubuhi watoto wa shule wakipita na baiskeli zao mbovu, anaanza na zao. Mimi mtu mzima, nimefika tangu alfajiri, nasimamishwa mpaka kengele ya shule igongwe. Hana adabu ya foleni. Andika hivyo.

Dada akafungua tena faili.

— Mwingine?

— Mimi aliniaibisha, alisema Nusu. Nilikuwa nampiga mwanangu hapa hapa kwa sababu amepoteza kiatu. Mwanangu mwenyewe! Spoki akaacha gurudumu, akaja akasimama katikati yetu. Amesimama tu, mikono ina grisi. Nikimpiga mtoto nampiga yeye. Watu wakaangalia. Mpaka leo mwanangu akipita hapa anamwamkia yeye kwanza.

Kalamu ilikuwa inakwenda mbio.

— Na wewe, baba?

Bungeni alikuwa ameapa moyoni kunyamaza. Lakini hajawahi kuombwa kusema akashindwa.

— Mimi ananikatisha hotuba, mheshimiwa. Niko katikati ya hoja, mtoto analia barabarani, Spoki ameshaondoka. Kuna siku mwanamke wa machungwa alimlaza mtoto wake juu ya gunia, juani. Basi huyu bwana akang'oa bati la kibanda chake, akaenda kumwekea yule mtoto kivuli. Sisi wateja tulikaa chini ya tundu mpaka saa tisa! Jua linatupiga utosini, yeye anasema subirini mtoto aamke. Je, huo ni utendaji?

Hapo ndipo alipoangalia karatasi, akaona dada amejaza ukurasa mzima na amegeuza wa pili. Uso wa Bungeni ukabadilika.

— Futa! Dada yangu, futa hayo! Hayo ya bati yalinitoka tu!

— Hayafutwi, baba. Naomba sahihi zenu, na majina kamili.

Wakatia sahihi kama watu wanaosaini hati ya mazishi. Nusu akachungulia karatasi.

— Mtambo! Kumbe wewe ndiye Habakuki? Barua ya Habakuki imekaa serikali ya mtaa mwaka wa pili, wanasema mwenyewe hajulikani!

— Na wewe umeandika Shukuru. Shukuru wa nini, mtu unayelalamika kutwa nzima?

Dada alikunywa kahawa aliyopewa, akataka kulipa, Bi Kashata akakataa. Kisha akaenda kibandani, akasema kwa sauti ya chini ambayo benchi halikuisikia.

— Kaka Muhsin, jina lako ninalo tangu siku ya kwanza. Fomu ndiyo inayotaka niulize. Ijumaa saa nne mje kituoni, wewe na mama. Mtaanza kukaa na mtoto sisi tukiwafuatilia, ya mahakama yatakuja baadaye. Mje na shuka safi na kofia ya mtoto.

Muhsin akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka dada akacheka na kupanda bodaboda yake.

Benchini palikuwa kama penye msiba. Mtambo alikuwa anaangalia viatu vyake. Bi Kashata aliinamisha birika, likatoa tone moja, kahawa imekwisha, na hakuna aliyelalamika. Mwishowe Bungeni alitembea zile hatua kumi, mikono nyuma.

— Spoki, tumekuharibia. Tulijiandaa kwa sifa, wao wakauliza ubaya. Nisamehe, ndugu yangu. Tutakata rufaa, mimi nitaiandika mwenyewe. Ila rufaa haiendi bila jina. Unaitwa nani?

Muhsin alifuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja. Lilikuwepo lile jina la kwenye fomu. Lakini kulikuwa na jina jingine, lenye jina la binti ndani yake, lile ambalo Shamsia alimnong'oneza mtoto sikioni mara zote tatu alipompakata, na nje ya nyumba yao hakuna aliyewahi kulisikia.

— Baba Ikram, alisema.

Bungeni akarudi benchini anarudiarudia asije akalisahau.

— Anaitwa Baba Ikram.

— Ikram ndiye nani? aliuliza Mtambo.

Hakuna aliyejua. Walimfahamu miaka kumi na mitano, na hawakuwahi kumsikia huyo Ikram.

— Ngojeni, alisema Nusu, akihesabu vidoleni. Dada alitaka matatu. Lake, la baba, la babu. Basi lake ni Baba. La baba yake ni Ikram. Limebaki la babu tu!

— Mawili kati ya matatu! alipiga kelele Bungeni. Hiyo ni theluthi mbili, inatosha! Mkimbilie kabla hajavuka daraja!

Nusu akavua ndala, akazishika mkononi, akatimka barabarani kulifuata vumbi la bodaboda. Wauza machungwa waligeuka. Wanawake waliokuwa wanateka maji waligeuka. Sauti yake ikawa inakwenda mbali nyumba kwa nyumba:

— Baba Ikram! Dada weee! Ni Baba Ikram!

Na kule kibandani, akiwa ameinamia gurudumu lisilo na kasoro yoyote, mtu mmoja akaitika taratibu:

— Naam.