Dobi, Pengwini na Mama Mkwe

Benchi letu liko kati ya duka la dobi na kibanda cha kunyolea, na mwenye kauli ya mwisho hapo ni Shangazi muuza kahawa, maana birika ni lake. Alasiri hiyo Dobi alitakiwa aonekane kwa video mbele ya mama wa mchumba wake, mama anayeishi mbali na ambaye hajawahi kumtia machoni. Simu yake ilitumbukia kwenye beseni la sabuni, ikabaki ya kuongea tu, kamera kwisha. Basi ikatolewa kompyuta kuukuu, ambayo mdogo wake aliifufua kwa kuiwekea mfumo wa Linux, na kijiti cha modemu, cha kuvutia mtandao, kikachomekwa ubavuni. Tukaiweka juu ya stuli. Mama akatokea, akafungua mdomo, na picha ikaganda hapohapo, kidole kiko hewani.

– Amekukataa, akasema Kinyozi, ambaye tunamwita Mkasi kwa jinsi anavyokatiza watu maneno.

– Hajakataa! Ni mtandao, unatambaa!

Gundi, fundi viatu wetu, akainama nyuma ya kompyuta.

– Na huyu ndege uliyembandika hapa?

– Pengwini. Ni alama ya Linux.

– Si ndiye anayekaa kwenye barafu? Sasa mnashangaa nini picha kuganda?

– Tena haruki huyo! Mkasi akadakia. Data inapita hewani, ndege mwenyewe anakwenda kwa miguu!

– Jamani, mnanitania na ndoa yangu iko hapo kwenye stuli!

– Tulia, Mkasi akasema. Mnara wa simu uko upande ule, na data haipindi kona. Inueni!

Tukaibeba ile stuli na kompyuta yake kama tunapeleka mgonjwa, tukavuka barabara, pikipiki zikitupigia honi. Mama bado kidole hewani.

– Tatizo ni uzito, akasema Gundi, anahema. Sisemi wa kilo, nasema wa heshima. Mama mkwe mzima hawezi kupita kwenye kijiti hiki kwa mkupuo. Mwambie itangulie sauti, sura ifuate.

– Nimwambieje na hanisikii?

– Basi kijiti kina baridi, Mkasi akasema, tayari anakisogezea kikombe cha kahawa ya moto.

– Thubutu! Shangazi, aliyetufuata na birika lake, akampokonya. Kahawa yangu haichemshi modemu. Aliyeifufua hiyo kompyuta si yuko hai? Mpigieni!

Mdogo mtu akapokea.

– Kaka, unaona kimshale kinazunguka pale juu? Kompyuta inapakua masasisho yake, matoleo mapya ya programu. Inakula data yote, wewe unaachiwa makombo. Yasimamishe. Halafu ingia kwenye mipangilio ya mtandao, weka alama kwamba data hii ni ya kupimiwa, ya kulipia kila tone. Haitajipakulia tena hovyo.

– Kwa hiyo si pengwini? Gundi akauliza.

– Pengwini kafanya nini?

Dobi akabonyeza, akabonyeza tena. Picha ikatikisika, kisha mama akaja mzima, kidole kikashuka, na nyuma yake mchumba kajiziba mdomo kwa kiganja. Tulishangilia mpaka wateja wa kinyozi wakatoka nje na povu mashavuni. Mama akatutazama sote, akamrudia Dobi.

– Mwanangu, mimi sina mengi. Binti yangu umempendea nini?

Dobi mdomo wazi, macho kodo. Mkasi akakimbilia kugeuza stuli.

– Imeganda tena!

– Haijaganda, Shangazi akasema. Tazameni, pazia la mama linapepea. Aliyeganda ni huyu wetu.

– Na nyinyi wenzake, mama akauliza, hajawaambia?

Miezi yote hiyo ametuimbia huyo binti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Dobi akaisogelea kamera.

– Mama, akinipigia simu, nasahau kwamba nimeshika pasi.

Gundi akaruka.

– Kumbe!

Akavua aproni yake, akageuka, akaipa kamera mgongo. Katikati ya shati jeupe kulikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, imekamilika mpaka ncha. Mama alicheka mpaka akatoka nje ya picha, tukabaki tunamsikia tu:

– Waje kuposa! Na huyo mwenye shati asikose, ndiye shahidi!