Bi Tahiya Anauacha Mlango wa Chumba cha Saa Ukiwa Wazi

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi Tahiya Ubwa Matar anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kukitunza Chumba cha Saa, pale Kiponda. Chumba ni kimoja, saa za kale ni arubaini na moja, na feni ni moja tu, nayo kaielekeza kwake.

Alianza kama mfagiaji. Fundi aliyekuwa akizitia saa ufunguo alipohamia Pemba, Bi Tahiya akaishika kazi hiyo bila ya kuambiwa na mtu. Tangu hapo, kila jua likizama huzirudisha saa zote kwenye kumi na mbili, kama walivyohesabu wazee wetu. Ukiingia saa nne asubuhi, mshale uko kwenye nne, si kwenye kumi.

Wageni hawakulijua hilo. Kitabu chao kilijaa malalamiko kuwa saa zetu ni mbovu, na mwaka huu yakawafikia wakubwa. Ikaundwa kamati ije iamue kama chumba kinastahiki kutembelewa au kifungwe. Bi Tahiya alituambia wazi kwamba kustaafu hakumuumi. Kitakachomuuma ni kuufunga mlango ule moja kwa moja kwa mkono wake.

Hapo ndipo mimi Kheir, mkata tiketi, nilipojitia ujuaji. Asubuhi ya ukaguzi nilizigeuza saa ishirini zisomeke kigeni. Bi Tahiya alipoingia aliniuliza, kwa upole kabisa, kama na jua nimelirekebisha. Papo hapo kamati ikapiga hodi.

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Yeye akawakaribisha, akawataka watafute wenyewe zipi saa za wazee na zipi za Kheir. Mwenyekiti, Bi Faiza, akamkumbuka bibi yake aliyesoma saa vivyo hivyo. Waliokuja kwa robo saa wakakaa mpaka adhuhuri wakibishana.

Wiki ya pili barua ikaja: chumba kibaki, na Kheir asiziguse saa. Alhamdulillahi. Bi Tahiya aliisoma mara mbili, akakaa kitako, akalia, kisha akaomba chai. Sote tulipumua.

Bi Tahiya, ahsante kwa kutuvumilia. Mungu akupe afya, umri na usingizi wa asubuhi. Jumatatu hiyo utamkabidhi ufunguo Nadra, mrithi wako. Jumanne atafungua yeye.