Dosinda Sugden na Bao la Nusu Fainali ya 1972

Wasifu huu nausoma mimi, Arnold Sugden, mume wake. Binti yetu Marisa ndiye aliyetaka kusoma, kwa sababu sauti yake inafika viti vya nyuma na yangu haifiki. Nimemwomba aniachie. Kuna jambo moja kuhusu mpira wa mke wangu linalosemwa vibaya hapa Skelbrough tangu mwaka 1972, na mwenye kulinyoosha ni mimi. Nitalifikia. Kwanza nieleze alikotoka.

Dosinda Barcia Seoane alizaliwa tarehe 27 Januari 1946 katika kijiji cha Vilarcova, mkoa wa Lugo, Uhispania, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alichonga viatu vya mbao. Mama yake alifuga ng'ombe wawili, na majina ya ng'ombe wale marehemu aliyakumbuka mpaka mwisho, hata siku ambazo jina la daktari lilimpotea. Mpira aliujulia malishoni na kaka zake. Walimweka nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu upande huo palikuwa na mteremko wa kwenda mtoni, na mpira ukipita lazima mtu aufuate. Hakupenda kuufuata. Basi akajifunza kutouachia upite.

Alisoma kwa masista mpaka alipotimiza miaka kumi na mmoja. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Masista wakaufunga kwa kitambaa ili aandike kwa wa kulia, na hati yake ikawa nzuri kweli. Miguu hawakuifunga. Hilo ndilo jibu alilonipa siku nilipomuuliza mguu ule wa kushoto aliupata wapi. Mimi shule niliiacha mapema. Nyumbani kwetu Mhispania ndiye aliyemsomea Mwingereza gazeti, kila asubuhi, miaka hamsini.

Alifika Skelbrough tarehe 9 Novemba 1965 kwa mkataba wa kazi katika kiwanda cha sufu cha Garside. Walimweka chumba cha kurekebisha. Kazi yenyewe ni kupitisha jora zima la kitambaa mbele ya dirisha, kutafuta uzi uliokatika, na kuufuma upya kwa sindano pasionekane kitu. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Msimamizi wake alisema hajaona jicho kama lile. Chai ya maziwa hakuikubali mpaka mwaka 1970. Kwenye kijishamba chetu cha manispaa alipanda majani ya tanipu akayapikia mchuzi. Majirani waliokuwa wakiwapa kondoo majani hayo walicheka, halafu wakaja na mabakuli.

Mwaka 1968 wasichana wa kiwandani walikuwa na timu. Wakati huo wakubwa wa mpira walikuwa hawaruhusu wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu, kwa hiyo walicheza nyuma ya kiwanda, kwenye majani yenye vinyesi vya farasi. Kocha alikuwa marehemu Norris Haigh, na nahodha alikuwa Brenda Lumb, beki wa kati, aliyekaa hapa mbele. Dosinda alikwenda Jumapili moja kutazama tu, na viatu vyake vya kanisani. Beki wa kushoto akaumia. Norris akauliza nani anaweza kusimama pale kushoto, asimame tu. Dosinda akavua viatu vya kanisani akaingia na soksi. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena nani atasimama kushoto.

Mimi nilikuwa mchochea tanuri wa Garside. Jumapili tanuri lilizimwa. Norris akaniambia, "Arnold, una miguu miwili na Jumapili huna kazi. Shika kibendera." Kazi ya mshika kibendera ni kwenda sambamba na beki wa mwisho, ili aone nani ameotea. Kipindi kimoja cha kila mechi beki huyo alikuwa yeye, hatua tatu kutoka kwangu. Kipindi kingine nilikimbia na mabeki wa wenzetu, na kipindi hicho sikuwahi kufanya kosa.

Sasa nafika.

Tarehe 23 Aprili 1972, Jumapili, Garside ilicheza nusu fainali ya Kombe la Kaunti. Katazo lilikuwa limeondolewa, na fainali ingechezwa kwenye uwanja wa kweli, wenye jukwaa na taa. Wasichana walikuwa hawajawahi kukanyaga uwanja wa namna hiyo. Zilibaki dakika sita, bila bao. Wenzetu walipata mpira katikati. Mabeki wetu wanne walitoka mbele pamoja ili kumwacha mshambuliaji aotee, kama Norris alivyowafundisha. Mpira ukapigwa kupitia upande wa kushoto. Yule mshambuliaji alikuwa mbele ya wote, peke yake. Akafunga. Kibendera changu kilikuwa chini. Refa alinitazama, akaona kiko chini, akalikubali bao.

Kwenye kibanda cha kubadilishia nguo Norris aliuliza, "Nani alibaki nyuma? Kibendera hakikupanda, kwa hiyo kuna mtu alibaki nyuma."

Dosinda akasema, "Mimi."

Hakubaki nyuma. Alitoka wa kwanza. Aliinua mkono juu kuonyesha kwamba yule ameotea, akageuka kuniangalia, na macho yetu yakakutana kwa sababu mimi nilikuwa namtazama yeye. Sikuwa natazama mpira wala mstari. Nywele zake zilikuwa zimefunguka. Basi. Yule mshambuliaji alikuwa ameotea, na mshika kibendera hakuona.

Njiani kurudi, kwenye basi, niliketi kiti cha nyuma yake. Nikamwambia ninakwenda kumwambia Norris.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba aliotea. Kwamba sikuwa naangalia."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Nikazitazama nywele zake, zilizokuwa zimefungwa tena.

"Basi nyamaza," akasema. "Ukisema hilo, kesho kiwanda kizima kitasema yule Mhispania huja uwanjani kutafuta mume. Beki aliyekosea bado ni beki, Arnold. Mimi nataka wanijue kwa hilo."

"Watakulaumu wewe."

"Nilaumiwe. Na wewe wakikufukuza, nani atakuja kushika kile kitambaa? Unakimbia kama bata, lakini unakuja. Tukikosa mtu wa kibendera hatuchezi."

Akageuka mbele. Alipokasirika alihesabu kwa lugha ya kwao. Nilimsikia akihesabu mpaka tukavuka daraja.

Aliondolewa kwenye timu. Nafasi yake akapewa msichana wa miaka kumi na tisa. Msimu wote wa 1972 na 1973 Dosinda alikata machungwa ya mapumziko na kubeba maji, na kila Jumapili alivaa jezi chini ya koti. Mechi ishirini na mbili. Hakuitwa hata moja. Wakampa jina la Siesta, yaani usingizi wa mchana wa watu wa kwao, kwamba beki alilala. "Siesta, amka, shoga, machungwa." Aliitikia. Kadi za Krismasi za wachezaji wenzake alizitia sahihi kwa jina hilo. Garside haikufika tena nusu fainali, kwa hiyo bao lile halikupata la kulifunika. Wajukuu wa watu wamelisikia.

Mwezi Mei 1973 nilimwomba anioe, maana kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia, "Sasa watasema lile la kutafuta mume."

Akasema, "Waseme. Benchi nimeshakaa."

Tulifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1973 katika kanisa hili. Jumapili iliyofuata alirudishiwa nambari yake, tatu, ya beki wa kushoto, na hakuitoa tena mpaka mwaka 1983, alipokuwa na miaka thelathini na saba. Kwa jumla alicheza mechi 311 akafunga mabao manne, moja likiwa la ugoko, ambalo yeye alisema ni la mguu. Nilishika kibendera miaka hiyo yote. Nilitazama mstari. Alinifunza kwa kunipigia kelele, "Arnold, mimi si mpira!" na watu wakadhani ni utani wa mke na mume. Baada ya kuacha kucheza aliwafundisha wasichana wadogo kwenye bustani ya mji kila Jumamosi mpaka mwaka 2009. Mtoto aliyechelewa kutoka mbele hakumgombeza. Alimwambia, "Tazama mwenzako, halafu nenda naye."

Tulipata watoto wawili, Marisa mwaka 1975 na Martin mwaka 1978. Aliwapikia, aliwasomea, aliwafokea kwa lugha mbili.

Mwezi Oktoba 2021 alishindwa kupanda ngazi za nyumbani. Daktari akasema ni moyo. Tukamshushia kitanda sebuleni karibu na dirisha. Wauguzi walikuwa wema, na tunawashukuru. Alivimba miguu, na mguu wa kushoto ndio uliomsumbua zaidi. Hakuulalamikia. Aliutazama tu, kama unavyomtazama rafiki aliyechelewa.

Mwezi uliopita nilimwambia nimechoka na jina lile la Siesta. Niliomba ruhusa.

"Nikifa, sema," akasema. "Wakati huo watabaki na mtu mmoja tu wa kumcheka."

"Mimi."

"Wewe. Na unastahili, mzee wangu."

Akacheka mpaka akakosa pumzi, nikamletea maji. Alifariki Jumapili tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Nilikuwa nimemshika mkono, ule uliofungwa na masista.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwa Brenda. Nilikuwa nimesikia ameagiza maua. Brenda akanikaribisha chai akasema, "Ni herufi, Arnold. Maua yaliyopangwa herufi sita, SIESTA, mekundu na manjano ya bendera ya kwao. Yatakaa ubavuni mwa jeneza, kila mtu ayaone. Angefurahi, au siyo?"

Chai sikuinywa. Nikamwambia yote, kama nilivyowaambia ninyi.

Brenda akauliza, "Yule msichana alikuwa mbele kiasi gani?"

"Hatua nzima. Moja na nusu."

"Na Dosinda alikuwa ametoka?"

"Kabla yako."

Akaweka kikombe chini. "Norris hakutaka kumwondoa. Hilo ulilijua?"

Sikulijua.

"Alitaka kumwacha. Mimi ndiye niliyemwambia, achague, yule au mimi. Dosinda alikuwa nje ya mlango, Arnold. Nilipotoka nilimkuta amesimama na ndoo. Alisikia kila neno. Na Jumapili iliyofuata alipokata machungwa, kipande cha kwanza alinipa mimi."

Hilo mke wangu hakuniambia. Miaka hamsini tuliishi nyumba moja.

Nikamwambia Brenda kwamba katika wasifu nitasema tu mmoja wa wachezaji.

"Hutasema mmoja wa wachezaji. Utasema Brenda Lumb. Usome polepole, nusu yetu hatusikii vizuri."

Kisha alimpigia simu mtu wa maua. Yule bwana alisema ameshamaliza herufi tatu.

"Zifumue," Brenda akamwambia.

Ndiyo maana maua mnayoyaona ubavuni mwake ni nambari tatu, nyeupe, peke yake. Nambari hiyo ilikuwa mgongoni mwake, na kwa mtu wa mpira haihitaji maelezo.

Marehemu Dosinda ameacha mume, Arnold, binti, Marisa, na mumewe Neville, mwana, Martin, wajukuu watatu, Hollis, Sabela na Ruth, dada yake Herminia huko Lugo, ambaye magoti yamemzuia kusafiri, na wachezaji wenzake wanne wa Garside, Brenda, Doreen, Hilda na Jean, ambao jina lile la utani wameahidi kuliacha getini leo.

Ndugu, jirani na marafiki, asanteni kwa kuja. Bao la tarehe 23 Aprili 1972 liandikeni kwangu. Yeye alitoka kwa wakati wake, mkono juu. Mwacheni apumzike kwa amani.