Vasavada Saheb na Anwani ya Mungu

Leo tarehe 30 Septemba, saa kumi na moja na nusu jioni, Mansukhbhai Vasavada, Saheb wetu, anastaafu. Ametumikia miaka thelathini na saba na miezi minne katika ofisi yetu, inayoamua taasisi gani za dini na za hisani zisamehewe kodi ya mapato. Muda wote huo hakuchelewa kazini hata siku moja. Mafaili yake ndiyo yalichelewa, lakini faili halisaini kitabu cha mahudhurio.

Alianza kama karani wa kupokea barua, akapanda hadi kuwa mkaguzi. Mahekalu, misikiti, nyumba za mayatima, kliniki za macho, wote walipita mezani kwake, na wote aliwajibu kwa upole uleule: "Kila kitu kiko sawa kabisa. Leta karatasi moja tu zaidi." Wapo waliokuja vijana, wakarudi na wajukuu wa kuwabebea hiyo karatasi.

Kuna hekalu moja lilirudishiwa maombi kwa sababu mwanzilishi alisaini kwa wino wa kijani. Wenye hekalu wakamwambia Saheb kwamba mwanzilishi amekufa miaka kumi iliyopita. Akasikitika sana, akakubali kwamba hiyo ni sababu ya msingi, akaomba cheti cha kifo. Cha wino wa bluu.

Mchana alikula chapati sita za thepla na achari ya embe. Hakuwahi kumnyima mtu thepla ya saba, maana haikuwahi kuwepo.

Ila kazi yake kubwa kuliko zote ni faili la Motibag. Motibag ni hifadhi ya ng'ombe wazee, mia nne na kumi na mbili, hawana maziwa na hawana mwenyewe. Nusu ya pesa ya majani yao inatoka kwenye sanduku la bati lililoko langoni. Watu wa mji wetu wanatoa sadaka ya siri: unatumbukiza, unaondoka, humwambii hata mkeo, kwa sababu ukishasema tu, thawabu imekwisha. Sheria nayo inasema hisani ikipokea pesa za watu wasiojulikana, pesa hizo zilipiwe kodi, isipokuwa sehemu ndogo tu. Hekalu linasamehewa zote. Ng'ombe hawasamehewi, kwa kuwa hawasali.

Mtunza hesabu wa hifadhi, mzee Odhavji, alifanya kama baba yake na babu yake walivyofanya. Pesa zote za sandukuni aliziandika kwenye daftari kwa jina la Mungu, Shri Dwarkadhish. Safu ya jina imejaa, safu ya pesa imejaa. Saheb akaona safu ya anwani iko wazi. Akaandika barua yenye namba, tarehe na mhuri: mlete anwani kamili ya mtoaji huyo, pamoja na namba yake ya mlipakodi, ndani ya siku kumi na tano.

Jasumatiben Lakhani, mwenyekiti wa hifadhi, alikuja na barua mkononi.

"Mansukhbhai, anwani yake si unaijua? Kila Jumatatu unavua viatu mlangoni kwake!"

"Jasumatiben, mimi namjua. Faili ndilo halimjui."

"Basi mwandikie wewe, labda utajibiwa. Mimi namwomba mvua tangu Juni, kimya."

Rafikbhai Sumra wa meza ya pili akadakia, "Saheb, ukiipata, ulizia na namba ya simu. Nina shida ya uhamisho."

Tulicheka, lakini Jasumatiben hakucheka. Bila msamaha kufikia leo, kodi ingekula majani ya miezi minne, na muuza majani alishasema hakopeshi tena. Ng'ombe kama sitini hivi wangefunguliwa lango waende barabarani wakale plastiki. Jasumatiben akabandika tangazo langoni: waliotoa kwa siri waje waandike majina. Wiki tatu hakuja mtu. Kusema kweli alikuja mmoja, akauliza kama anaweza kuandika jina la shemeji yake.

Sasa, ijulikane kwamba kila siku ya mfungo wa Ekadashi, saa tisa, Saheb alikuwa na ukaguzi wa nje. Ukaguzi huo haumo kwenye kitabu chochote. Alikuwa anarudi na majani makavu kwenye pindo la suruali, anayatoa moja moja, anayatia kwenye pipa. Pipa hilo lina mtu wa kulimwaga, na mtu huyo ana macho. Mtu huyo hakuulizwa. Na yeye hakusema.

Jana saa tatu na nusu asubuhi Saheb aliomba daftari la Motibag. Akafungua kalamu ya bluu, akaandika jina lake lote, mtaa, namba ya nyumba, na kila alichotoa mwaka huu. Halafu akamwandikia Madam Kurien, bosi wetu: kwa kuwa mimi ni mtoaji, kanuni hainiruhusu kushika faili hili. Akaambatanisha karatasi moja zaidi.

Rafikbhai aliweka kikombe chini. "Saheb, thawabu ya mwaka mzima? Hivi hivi tu?"

"Nimeshaandika. Kunywa chai yako."

Habari zilifika Motibag kabla ya chakula cha mchana. Mwenye duka la mafuta alitangulia kwenye foleni akisema, "Kama Vasavada ametoa jina bila kudaiwa karatasi, dunia inaisha. Lete kalamu!" Nyuma yake kinyozi, walimu, polisi wawili. Jioni mzee Odhavji alipiga hesabu: pesa zilizobaki bila jina zimeingia ndani ya ile sehemu ndogo.

Leo saa nne Madam Kurien amelisoma faili na kulisaini kwa dakika ishirini. Kwa Saheb lilikaa miezi kumi na moja. Tunaomba Madam asizoee, ofisi itakosa kazi.

Saheb, asante kwa miaka yote hiyo, na kwa jana zaidi. Shali na nazi za kukuaga utapewa na Madam. Jasumatiben hakuleta zawadi, ameleta ujumbe, na amesema usomwe kama alivyousema: "Mwambieni Mansukhbhai, ile sehemu ndogo isiyodaiwa jina, mwaka ujao tunamwachia yeye atumbukize."

Nenda ukapumzike kwa afya na amani. Ekadashi ijayo huna haja ya ukaguzi wa nje, na pindo la suruali utalikung'uta kwako.