Sufuria Yenye Utepe Mwekundu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na aliyelala kitandani jana, asifiwe na aliyelala mahali pengine!

Mnanijua. Mimi ni Mama Wakesho, yule wa benchi la nyuma karibu na mlango wa choo. Sijawahi kusimama hapa mbele. Shule niliishia darasa la nane kule Wundanyi, na maneno mengi sina. Mchungaji aliniomba niandike kisha nisome, maana alijua nikisimama bila karatasi nitalia na kuketi. Basi nasoma.

Nianze na jambo litakalowashtua, kwa sababu hata mimi bado linanishtua. Mwaka jana, Jumapili tatu mfululizo, nilikuja kanisani hapa Arlington nikitoka kulala garini na watoto wangu wawili. Niliwahi kabla yenu ili niwaoshe. Dada mmoja alinikuta chooni nikimwosha Zawadi miguu kwenye sinki, akacheka: “Mama Wakesho, huyu wako anachezea matope hata Jumapili?” Nikacheka naye. Mlangoni mkaniuliza habari, nikajibu nzuri, tunamshukuru Mungu. Ndugu zangu, silaumu mtu. Aliyejifungia mlango kwa ndani, jirani atajuaje?

Mume wangu, Mwakio, alikuwa dereva wa lori. Tulikaa Stafford, upande wa Houston, naye akisafiri na mimi nikitunza wazee majumbani kwao Missouri City. Asubuhi moja alikunywa chai yake ya tangawizi, akaenda kuoga, akaanguka. Nilisikia kishindo nikadhani ni ndoo. Nikaendelea kumfunga Zawadi viatu. Ndugu zangu, nilidhani ni ndoo!

Jamaa zetu wa Houston walichanga, Mungu awabariki, maiti ikarudishwa Taita. Mimi sikwenda. Karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, nikaambiwa nikitoka huenda nisirudi. Mazishi niliyaona kwenye simu, nimekaa ndani ya gari nje ya nyumba ya mzee niliyekuwa nikimtunza. Walipoanza kushusha jeneza, picha ikakatika. Iliporudi, watu walikuwa wanakula.

Tangu siku hiyo sikulia. Wala neno “amekufa” halikutoka kinywani mwangu. Waliouliza niliwajibu, “Baba Wakesho hayupo,” nikaachia hapo.

Mshahara wangu peke yake haukuweza ile nyumba ya Stafford. Nikaja huku kwa binamu yake Mwakio. Alitupokea kwa mikono miwili, lakini mwenye nyumba wake akaona tumekuwa wengi, akamwandikia barua ya onyo. Sikutaka afukuzwe kwa ajili yangu. Nikamwambia nimepata mahali. Mahali penyewe palikuwa gari.

Aliyetugundua ni muuguzi wa shule. Wakesho, wa miaka tisa, alikwenda kwake kila asubuhi akisema tumbo linamuuma. Kumbe mtoto alitaka tu kujinyoosha kwenye kile kitanda cha wagonjwa. Nikaitwa shuleni. Nilijua nimeitwa kunyang'anywa watoto. Lakini muuguzi akaniambia kuna mpango wa nyumba za ibada: kila moja inapokea familia zisizo na makao kwa wiki moja, kisha zinahamia kwa nyingine, huku mtu wa ofisi akiwatafutia makao ya kudumu. Nikaenda kuandikishwa. Mama aliyekuwa akijaza fomu akauliza, “Mume wako yuko wapi?”

Nikasema, “Yuko safarini na lori.”

Nilidhani wakijua niko peke yangu, bila mume na bila nyumba, wataamua sifai kulea. Na baya zaidi, nikawafundisha watoto: mkiulizwa, Baba yuko safarini. Wakesho aliniangalia tu, tangu hapo hakumtaja tena baba yake. Lakini Zawadi, wa miaka minne, alirukaruka kwa furaha. Aliamini.

Basi nikauliza, wiki hii ni zamu ya kanisa gani? Nikaambiwa si kanisa. Ni sinagogi.

Nilipigwa na butwaa. Wayahudi mimi niliwajua kwenye Biblia tu. Sikujua wako Texas, wana maegesho ya magari na kibao cha mwendo wa pole! Nikajiambia, wataniambia nimkane Yesu ndipo watoto wapewe chakula. Nikaapa moyoni kwamba nitakataa, tutalala na njaa lakini ndani ya nyumba.

Tulifika Jumapili alasiri. Alitupokea bibi mmoja mfupi mwenye nywele nyeupe na viatu vya kukimbilia, Bibi Miriam. Alitupa darasa la watoto wao, vitanda vitatu vimetandikwa shuka safi, ukutani michoro ya watoto. Alinitembeza kila mahali akieleza kwa Kiingereza cha haraka, na jikoni alieleza sana, akionyesha makabati na sufuria zenye utepe mwekundu na nyingine utepe wa bluu. Nami nilikuwa nimechoka. Mnatujua, sisi hatuulizi, tunatikisa kichwa kukubali. Nikatikisa kichwa.

Kila jioni walikuja watu wengine, wote wa kujitolea. Wa kupika, wa kuwasaidia watoto kazi ya shule, wa kulala chumba cha jirani ili tusiwe peke yetu. Nikangoja mahubiri. Jumatatu hayakuja. Jumanne hayakuja. Alhamisi nikamwuliza Bibi Miriam, mtaanza lini kutufundisha dini yenu? Akashangaa. “Mpenzi, sisi wenyewe hatujamaliza kubishana juu yake.” Akaniongezea supu.

Nilishtuka, ndugu zangu. Kupewa bila kuulizwa kulinitia hofu kuliko kuulizwa.

Sasa, sisi tuna msemo wetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nafika siku ya saba bila jembe. Nikisafisha, wananipokonya ufagio. Nikiosha vyombo, wananiambia keti. Aibu ikanila. Basi Jumamosi, kulipopambazuka tu, nikaingia jikoni. Nikachukua sufuria kubwa kuliko zote, ile ya chuma iliyopakwa rangi ya kung'aa kama vikombe vya bati vya nyumbani. Ilikuwa na utepe mwekundu. Mimi nilielewa mwekundu ni wa vitu vya moto na bluu ni wa vitu vya baridi, kama bomba za maji. Nikamimina maziwa, majani, tangawizi, sukari. Nikawasha jiko. Niliwaza, waumini wakija kwenye ibada watakuta chai, nami nitakuwa nimelipa kwa jasho langu.

Chai ilikuwa imeanza kupanda alipoingia Mzee Saul. Huyu ndiye msimamizi wa jiko lao, mzee mrefu asiyecheka. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeona nyoka.

“Nani amewasha moto?”

“Mimi, mzee. Nimewapikia chai. Ya maziwa.”

“Ya maziwa,” akarudia polepole. “Ndani ya sufuria ya nyama. Siku ya Sabato.”

Bibi Miriam alikuwa nyuma yake. “Saul, vuta pumzi.”

“Navuta, Miriam. Nilianza kuvuta kabla hujazaliwa.”

“Mimi nimekuzidi miaka miwili.”

Wakanieleza. Kwao maziwa na nyama havikutani, hata chombo hawachangii. Mwekundu ni nyama, bluu ni maziwa. Na siku ya Sabato hawawashi moto wala hawauzimi. Kwa jambo moja nilikuwa nimevunja sheria mbili za Mungu wao ndani ya nyumba yake! Nilisimama na mwiko mkononi, nimeganda. Chai ikafurika ikaanza kumwagikia jiko.

Saul akaitazama dari. “Moto ule bado unawaka,” akaiambia dari.

Nikajibu, “Ndiyo, mzee.”

“Nasema tu kwamba unawaka.”

“Ndiyo, mzee.”

Wakesho alikuwa ametokea na nguo za kulalia. Akanivuta, akasema kwa Kiingereza, “Mama, anataka uuzime. Ila haruhusiwi kukuambia.” Mtoto alikuwa amejifunza desturi zao kwa wiki moja vizuri kuliko mimi.

Nikauzima, nikakimbilia darasani. Nikaanza kukunja nguo na kumvisha Zawadi viatu. Bibi Miriam akanifuata, na Saul nyuma yake.

“Unakwenda wapi?”

“Tunaondoka kabla hamjatufukuza.”

“Nani amesema kufukuza?” Saul akauliza. “Mimi nimesema sufuria.” Kisha akalainisha sauti. “Umeshtuka, mama. Mpigie mumeo simu. Mwambie kuna mzee mkali lakini mko salama.”

“Ndiyo, Mama! Mpigie Baba!” Zawadi akaruka, akachomoa simu yangu iliyokuwa ikichajiwa ukutani, akaniletea kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, niliitazama ile simu. Niliutazama uso wa mtoto wangu. Nikasikia sauti ikisema, “Amekufa.” Ilikuwa sauti yangu.

Nikasema tena kwa Kiingereza ili wazee waelewe. Kisha nikasema, “Niliwadanganya.” Sikuweza kumtazama Zawadi.

Bibi Miriam alijishusha kwenye kiti cha watoto, kimoja cha vile vifupi vya darasani. Akauliza lini. Nikamwambia miezi minane. Akauliza, “Na nani alikaa nawe?” Sikuelewa swali. Nikajibu, hakuna.

Saul alikohoa. “Sufuria imeniudhi,” akasema. “Hili haliniudhi.” Akamgeukia Miriam: “Leo haiwezekani, ni Sabato. Kesho, kabla hawajahama.”

Siku ile sikuweza kumwambia Zawadi zaidi. Aliuliza mara mbili, nikamkumbatia tu. Hilo nalo naliungama.

Kesho yake mchana walikuja watu kama kumi darasani kwetu. Walikuwa wamefunika kioo kwa shuka. Walileta mayai ya kuchemsha na mkate. Wakaketi kwenye viti vya watoto, wazee wazima, magoti karibu na kidevu. Nami nikaketi. Hakuna aliyenisalimu! Hakuna aliyesema pole. Dakika zikapita. Nikadhani Saul amewaeleza habari za sufuria na uongo wangu, nao wamekuja kunihukumu kimya kimya. Kwetu Taita matanga yana nyimbo, mahubiri, watu wanalala kwako, chai haikauki jikoni. Hapa ulikuwa ukimya tu, nao wananitazama kwa upole. Nilishtuka sana. Mwishowe nikamnong'oneza Bibi Miriam, mbona hawasemi?

Akaninong'oneza, “Haya ni matanga ya mumeo, hata kioo na mayai ni desturi yetu ya msiba. Kwetu mgeni hafungui kinywa kabla ya mfiwa. Wanakungoja wewe.”

Walikuwa wananingoja mimi! Tangu Mwakio aanguke, kila mtu alikuwa na neno la kunipa. Hawa walikuwa wananingoja.

Nikasema, “Aliitwa Mwakio.”

“Mwakio,” Saul akarudia, akijitahidi kulitamka vizuri. Na wengine wakarudia.

Nikawaambia kishindo. Nikawaambia ndoo. Nikawaambia viatu vya Zawadi, na picha iliyokatika. Hapo nililia, ndugu zangu, nililia machozi ya miezi minane, na hakuna aliyeniambia nyamaza, jikaze. Wakesho akaanza kusema bila kuulizwa: Baba alikuwa akiimba vibaya, Baba alikuwa akiweka tangawizi nyingi mpaka koo linawasha. Saul akauliza, “Kama ile iliyo ndani ya sufuria yangu?” Wakesho akacheka. Mtoto wangu alicheka huku analia, akimtaja baba yake.

Zawadi akaniuliza, “Kwa hiyo hayuko safarini?”

Nikamwambia, “Hapana, mwanangu. Mama alikudanganya. Baba alikufa, na Mama hakuweza kulisema.”

Alilia mpaka akachoka. Saul akammenyea yai, akala.

Gari la kutuhamisha lilipofika, Saul alitoka na ile sufuria, imesuguliwa. “Chuma kitupu tungekitakasa kwa maji ya moto,” akasema. “Hii iliyopakwa rangi haiwezekani. Kwetu haifai tena. Kwako haina kosa.” Nikakataa, akaniwekea miguuni. “Chukua, mama. Ulikuwa unatafuta kazi.”

Baada ya hapo tulipitia nyumba nyingine za ibada wiki kadhaa, kisha ofisi ya mpango ule ikatupatia apatimenti hapa Arlington. Waliokuja kubeba vitanda ni wale wale wa sinagogi, Saul akilalamikia ngazi mwanzo hadi mwisho. Watoto wangu hawakuchukuliwa. Ofisini nilirudi nikarekebisha ile fomu, mama yule akafuta neno moja akaandika jingine, basi. Nilichokiogopa kwa miezi kilikuwa neno moja kwenye karatasi!

Imani yao na yetu sijui kuzipatanisha, hayo ni ya mchungaji. Mimi ninajua nilimlilia Mungu garini, na mlango aliofungua haukuwa ule niliokuwa nikiutazama. Naye namshukuru mbele yenu. Huzuni ninayo bado, kuna asubuhi siwezi kunusa tangawizi. Lakini sidanganyi tena, na usiku watoto wangu wanaomba wakimtaja baba yao kwa jina.

Namalizia, ndugu zangu. Mnaijua sufuria ya chai inayokaa nyuma kila Jumapili tangu mwaka huu uanze. Ndiyo hiyo. Utepe mwekundu sijaubandua, na sitaubandua. Hilo ndilo jembe langu. Kama yuko hapa aliyejibu “nzuri” mlangoni leo, na si nzuri, mtumaini Mungu kwa hatua chache tu, mpaka pale nyuma. Nitakumiminia kikombe. Sitakuuliza kitu. Nitasimama nawe hata chai ipoe, nikingoja uanze wewe.