Bi Kufuli, Aliyetaka Kuzikwa Nje ya Lango

Waliopewa ratiba yenye jalada la zambarau wanaombwa waikunje na kuiweka mfukoni. Ratiba hiyo inasema marehemu anazikwa kando ya bwawa, ndani ya viwanja vya Nyumba Kubwa. Hazikwi huko. Anazikwa hapa kwenye makaburi ya mji, mahali alipotaja mwenyewe kwa kinywa chake, mbele ya watu, na si mara moja. Waliochapisha ile ya zambarau wapo, wamekaa safu ya mbele, na sababu ya kuichapisha wanaijua.

Marehemu, ambaye karibu wote tulimwita Bi Kufuli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha tatu cha safu ya wafanyakazi, nyuma ya mazizi ya farasi ya Nyumba Kubwa. Alikuwa mtoto wa pili wa mpishi wa nyumba ile na mkewe, aliyekuwa mfuaji. Chumba kilikuwa na dirisha moja tu, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa mawe unaozunguka viwanja vyote. Babu yake ni mmoja wa waliobeba mawe hayo, na bega lake la kushoto lilibaki chini kuliko la kulia mpaka alipokufa. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa amekasirika, na kwamba aliyemkata kitovu alitazamwa vibaya. Hakuna aliyebisha.

Alisoma hadi darasa la saba katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Kufika huko watoto wa wafanyakazi walitakiwa wazungukie mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Yeye alipita katikati ya njia ya misonobari, ile ndefu inayotoka ngazi za mbele mpaka lango kuu, begi begani. Siku moja bwana mwenye nyumba alimsimamisha, akamuuliza anakwenda wapi. "Shuleni," akajibu binti wa mpishi. "Na wewe?" Jioni baba yake alimchapa, lakini waliokuwepo wanasema mzee alikuwa akicheka huku anachapa, na fimbo haikufika popote.

Hili lieleweke, kwa sababu limesemwa vibaya mitaani: marehemu hakuwahi kuwapenda wenye nyumba ile. Aliyempenda alikuwa babu yake na bega lake. Mtu akimwambia anatunza mali ya waliowatesa wazee wake, alimjibu, "Wao walikaa tu. Waliojenga ni sisi. Aliyekalia kiti na aliyekichonga, kiti ni cha nani?"

Alianza kazi mwaka 1968 katika chumba cha kufulia, akipiga pasi mashuka. Mwaka 1979 wenye nyumba waliondoka na nyumba ikawa ya halmashauri. Wakaletwa makarani, na makarani hao walivunja mlango mmoja wa mbao za zamani wakachemshia chai. Marehemu alikwenda kwa mkuu wao na kipande cha mlango kilichoungua nusu, akakiweka juu ya meza, juu ya karatasi, akaondoka. Tarehe 1 Februari 1984 akaajiriwa kuwa mtunzaji wa nyumba na viwanja. Alistaafu mwaka 2011, akaendelea na kazi bila mshahara kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwomba funguo.

Hakuwa mtu rahisi. Hakuna mkazi wa hapa ambaye hakuwahi kufukuzwa naye. Aliwafukuza wapenzi kwenye mawaridi, walevi kwenye ngazi, mbuzi kwenye nyasi, na mwaka mmoja aliwafukuza waimbaji waliokuja kufanya mazoezi, akisema wanawatisha bata. Lakini kila Jumapili lango kuu lilikuwa wazi kwa wote. Maharusi walipigwa picha kwenye veranda. Wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali waliletwa wakae kivulini waangalie maji. Watoto walibiringika kwenye mteremko mpaka nguo zikawa kijani, na mama zao wakaachwa wapumue. Katika mji huu hakuna mahali pengine ambapo mtoto anaweza kukimbia bila mama kushika moyo kwa ajili ya magari. Wenye kuona ni uwanja mtupu hawajalea.

Jina la Bi Kufuli alilipata mwaka 1996. Wapimaji ardhi waliingia asubuhi na vyombo vyao, wakaanza kuchimbia vigingi vya saruji kwenye nyasi ili eneo likatwe vipande. Marehemu hakugombana nao. Alitoka, akafunga lango kuu na mlango wa nyuma kwa kufuli mbili, akaenda zake kusukwa nywele. Aliporudi, amependeza, wapimaji walikuwa wameshika nondo za lango kama watu wa rumande.

"Mama, tufungulie, tuna njaa!"

"Ng'oeni kwanza mlichopanda."

"Mama, sisi tumetumwa tu."

"Na mimi nimetumwa nisifungue. Leteni mazao yenu hapa."

Wakaving'oa vigingi vyote, wakampitishia kimoja kimoja katikati ya nondo. Alivitumia kuzuia milango ya mazizi isipigwe na upepo.

Tarehe 20 Agosti 1972 alikuwa ameolewa na seremala wa Nyumba Kubwa, mtu mpole sana, ambaye alisema maneno machache kwa siku na mengi ya hayo yalikuwa "sawa, mama watoto". Walijaliwa watoto wanne, wa kiume watatu na binti mmoja. Vifuniko vyote vya madirisha ya upande wa bwawa vilitengenezwa kwa mikono ya seremala huyu. Alipougua, mwaka 2004, aliomba jambo moja maishani mwake: azikwe kando ya bwawa, akiyatazama madirisha yake.

Marehemu alikataa.

Ukoo mzima ulimwendea. Wifi yake, dada wa seremala, alipiga magoti sebuleni, na yeye si mwanamke wa kupiga magoti.

"Wifi, hata mumeo?"

"Hasa mume wangu. Nikimlaza huyu, kesho nitamkatalia nani? Mtunza bustani naye ana mama. Dereva ana baba. Tutazikana mpaka veranda, halafu kila mwenye kaburi atadai njia ya kufikia kaburi lake, na penye njia atajenga kibanda, na penye kibanda atahamia."

Seremala alizikwa hapa, kwenye makaburi haya. Wifi hakusema naye tena hadi siku marehemu alipofariki. Kwenye sherehe za familia walikaa pembe mbili za chumba, na salamu zilibebwa na wajukuu. Watoto pia waligawanyika, na kuna ambao hawajarudi pamoja mpaka leo.

Mwaka 2019 akaja mtu tutakayemwita mwekezaji. Alikuja na mchoro mzuri wa rangi. Nyumba ingebaki, ikapakwa rangi. Njia ya misonobari, bwawa, mazizi na mteremko vingekuwa makazi ya kisasa yenye geti. Alimpa marehemu kiti, akamwita mama mara nyingi kuliko watoto wake.

"Nyumba haiguswi, mama. Tunachukua ua tu."

"Baba, ukimvua mtu nguo zote ukamwachia kofia, umemwacha amevaa?"

Kuanzia hapo hakulala. Alikwenda idara ya mambo ya kale na miguu yake iliyovimba, akakaa kwenye benchi la koridoni mpaka wakamjua kwa jina. Aliwaambia kwamba nyumba bila viwanja vyake ni sanduku, na kwamba wazee walijenga vyote pamoja, maji yatazame madirisha na madirisha yatazame maji. Aliwakusanya akina mama, wakasimama langoni siku tingatinga lilipoletwa, wengine na watoto mgongoni. Aliitwa mchawi. Aliitwa kibaraka wa mabwana waliokufa. Mtu alimwagia chumvi mawaridi yake. Mwaka jana idara ilitoa tangazo: nyumba na viwanja vyote vitalindwa kuwa urithi wa wenyeji, mradi pasiwe na mtu binafsi mwenye dai lolote ndani yake. Mwenye pingamizi amepewa muda hadi tarehe 30 ya mwezi huu wa Juni.

Tangazo hilo lilipotoka, wana wawili wa marehemu, kifungua mimba na wa pili, walikuwa wamekwisha kuahidiwa vipande vyao vya kujenga na kuonyeshwa kwenye mchoro wa mwekezaji. Haisemwi hapa kwa kuwasengenya, kwani walimwambia mama yao usoni. "Ulimpa ile nyumba maisha yako," kifungua mimba alisema, "na ulimpa baba. Sisi ulitupa nini?" Marehemu aliingia jikoni. Alimpa chakula, mwana akala, akaondoka bila kuaga.

Novemba 2022 moyo wa marehemu ulianza kushindwa kazi. Miguu ilijaa maji, pumzi ikawa fupi. Alilazwa mara tatu katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake, ambako aligombana na wauguzi kuhusu dirisha lisilofunguka, na alipotoka dirisha lilikuwa linafunguka. Binti yake na mke wa kitinda mimba walimuuguza kwa zamu. Mara nyingi, watu wakiwepo, alirudia alichokitaka: "Mnizike makaburi ya mji, kwa mume wangu. Mkinizika mle ndani, nitatoka." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Alhamisi asubuhi binti alikwenda kufungua lango ili viti vya msiba vitolewe stoo. Akakuta watu wamekwisha kupitia mlango wa nyuma, na kaburi limechimbwa kando ya bwawa, kuta zimenyooka, tayari. Kaka zake wawili walikuwepo, na mwekezaji alikuwa ameegesha gari nje. Lakini jambo la kuogofya zaidi ni kwamba nusu ya mtaa ilikuwepo pia, na jembe mikononi, na furaha. Walikuwa wale wale waliosimama na marehemu mbele ya tingatinga. "Anastahili!" walisema. "Alale kwenye kazi yake!" Walichimba kwa mapenzi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kaburi ni dai, na kwamba kwa mikono yao wenyewe walikuwa wanaliandika pingamizi ambalo mwekezaji alishindwa kuliandika kwa miaka minne.

Binti alisema, hakusikilizwa. Sauti yake ni ndogo. Akapiga simu kwa shangazi yake, yule yule wifi wa marehemu. Shangazi alifika na fimbo yake, katika vazi jeusi alilolivaa kwa shingo upande, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Nani kachimba?"

"Sisi, shangazi," kifungua mimba akasema. "Mama anastahili heshima."

"Na baba yenu alistahili nini?"

"Shangazi, hayo yamepita."

"Yamepita kwako. Kwangu yamekaa sebuleni yananitazama. Kaka yangu aliomba mahali hapa hapa, mama yenu akamnyima. Nimemchukia, na nitamchukia mpaka na mimi nife. Lakini alimnyima kwa neno moja, kwamba hatalala mtu humu. Mkimlaza yeye leo, basi kaka yangu alionewa bure. Fukieni."

"Mama ni wetu, si wako!"

"Ndiyo maana nimewaambia mfukie nyinyi."

Watu walianza kutazamana, na jembe la kwanza likaingia kwenye udongo. Hapo kifungua mimba aliruka ndani ya shimo akakaa chini, na suruali yake ya msiba, akaapa hatoki.

"Fukieni tu," shangazi akasema. "Akitaka atatoka."

Wakafukia. Udongo ulipofika kwenye magoti alitoka, akalia kando ya bwawa kama mtoto, na hakuna aliyemcheka. Shangazi alimpa leso.

Wazazi wanaombwa wasiwaruhusu watoto kucheza upande huo leo. Udongo bado ni mlaini na unadidimia. Lango limefungwa. Funguo ziko kwa mtu ambaye hatatajwa, na wanaomuuliza binti kila saa wanajisumbua. Shada la mwekezaji limepokelewa kwa shukrani. Mwenye pingamizi juu ya Nyumba Kubwa na viwanja vyake, ofisi iko wazi hadi mwisho wa mwezi. Alipeleke mwenyewe, kwa miguu yake, kwa jina lake. Marehemu hatalipeleka kwa niaba ya mtu.

Ameacha wana watatu, binti mmoja, wakamwana wawili, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, mdogo wake wa mwisho, na wifi ambaye hawakusemeshana, na ambaye amesimama hapa tangu asubuhi kuhakikisha kaburi hili ndilo. Ameacha pia mji mzima uliobiringika kwenye nyasi zake.

Apumzike sasa. Ile amani ambayo hakutupa sisi hata siku moja, Mwenyezi Mungu ampe yeye.